Kesi ya Nyani Kapewa Ngedere: Ni Nani Hasa Anayekataza Kumlisha Tumbili Mjini?

Mzee jirani yangu hapa Iringa alikuwa na ratiba yake. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi anafungua mlango wa jikoni, anatoka na sufuria lenye ugali wa jana, anagonga ukingo wake kwa mwiko mara mbili. Hajawahi kulazimika kugonga mara ya tatu. Tumbili wa kwanza anakuwa ameshatua ukutani, jike kubwa lenye sikio lililochanika, na nyuma yake wanateremka wengine kutoka kwenye yale mawe makubwa yaliyozagaa mjini kwetu kana kwamba kuna mtu aliyamwaga akasahau kuyazoa. Mzee anamega kiporo, anarusha. Jike anadaka, anasukumia shavuni, anadaka tena. Tumbili ana mfuko ndani ya kila shavu. Hujaza kwanza, kutafuna ni baadaye, akishafika mahali ambapo hakuna wa kumpokonya.

Siku moja nilimsalimia nikaona nimuulize.

"Shikamoo baba. Hivi hawa serikali haikatazi kuwalisha?"

"Marahaba. Serikali ipi, mwanangu? Ya mtaa, ya manispaa, au ya bwana nyama?"

Alisema kwa utani, bwana nyama akimaanisha afisa wanyamapori, akarudi ndani na sufuria lake. Mimi nikabaki na swali, maana nilipoanza kuuliza huku na huko niliona kila mtu ananielekeza kwa mwenzake. Mtendaji anasema hilo ni la maliasili. Wa maliasili anasema kama ni taka, hilo ni la afya. Bwana afya anasema tumbili si mbwa, hilo si lake. Wahenga walituachia msemo wa kesi ya nyani kumpelekea ngedere, wakimaanisha hakimu na mshitakiwa ni ndugu. Hapa kwetu hakimu mwenyewe hajulikani anakaa chumba namba ngapi.

Wengi wetu tunaamini mambo mawili yasiyopatana: kwamba kumlisha mnyama wa porini ni kosa linaloweza kukufikisha mahakamani, na kwamba tumbili wa mtaani hana mwenyewe. La kwanza ni kweli mahali fulani. La pili si kweli popote. Njia rahisi ya kulielewa jambo hili ni kupanda basi.

Chukua basi la Dar es Salaam kwenda Mbeya, kaa dirishani, weka chane ya ndizi mapajani. Ukishaiacha Morogoro unaingia Hifadhi ya Taifa Mikumi, na kwa takribani kilomita 50 barabara kuu ya TANZAM inakatiza ndani ya hifadhi hiyo. Nyani wamekaa kando ya lami kama abiria waliokosa gari. Hapa jibu ni jepesi kuliko popote pengine: usirushe. Hifadhi za taifa zinasimamiwa na TANAPA chini ya sheria yake, na humo kulisha wanyama ni marufuku, kama ilivyo marufuku kutupa taka dirishani. Usiseme hukulipa kiingilio, au kwamba wewe si mtalii bali unawahi msiba Makambako. Lami ile iko ndani ya hifadhi, na aliye juu yake yuko hifadhini.

Ndizi bado unayo. Basi linatoka hifadhini, linaupita mji wa Mikumi, linafuata bonde la mto Ruaha Mkuu mpaka Ruaha Mbuyuni penye vitunguu, kisha linaanza kuukwea mlima Kitonga. Hapo malori yanatambaa kwa gia nzito, kona hata kona, na utingo anapata muda wa kuchagua nyani wa kumrushia ganda. Nyani wa Kitonga wameshausoma mwendo huo. Gari linaloteremka wanaliangalia tu. Linalopanda likiguna wanalisogelea, mama na mtoto mgongoni, hadi karibu na matairi. Abiria wanacheka, simu zinatoka mifukoni. Sheria ya TANAPA imebaki nyuma kule Mikumi. Je, ndizi sasa ni halali?

Hapo ndipo inapoingia sheria nyingine, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Hii haifuati mpaka wa hifadhi, inamfuata mnyama. Inasema wanyamapori ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wao kwa niaba ya wananchi. Tumbili aliyeketi juu ya tenki lako la maji si wako, si wa mwenye nyumba, na mtaa hauna hisa kwake. Kwa sababu hiyo huruhusiwi kumwinda, kumtega, kumwekea sumu au kumfuga bila kibali. Yule mtoto wa tumbili anayefungwa kamba kiunoni nje ya baa ili wateja wampe karanga ni kosa tayari, na karanga ndiyo sehemu ndogo kabisa ya kosa hilo. Uhai wa mtu ukiwa hatarini sheria inaruhusu kujitetea, lakini baada ya hapo unatakiwa kutoa taarifa. Mzoga nao ni mali ya serikali, si wa kuufukia kimyakimya nyuma ya choo.

Ukiisoma sheria hiyo kwa utulivu utaona akili yake iko kwenye bunduki, mitego, nyara na vibali. Ilimlenga mtu anayekwenda porini kumtoa mnyama. Mwenye mazoea ya kumkaribisha mnyama jikoni kwake hakuwa ndiye aliyewakosesha watunga sheria usingizi. Ndiyo maana ukimuuliza bwana nyama wa wilaya kuhusu ugali wa yule mzee, atakushauri vizuri kabisa kwamba jambo hilo si jema na liachwe, lakini si rahisi kumwona akishuka na pingu.

Kuna watu pia wanaodhani kwamba kwa kuwa tumbili ni mali ya umma, basi umma utalipa mkate alioubeba mezani. Kanuni za kifuta jasho na kifuta machozi za mwaka 2011 zipo, na zinahusu wanyama wakali na waharibifu: mtu aliyeuawa au kujeruhiwa, shamba lililovurugwa, mifugo iliyoliwa. Neno lenyewe linakwambia kiasi cha kutegemea. Jasho linafutwa, hasara hailipwi. Mkate wako hauna hata leso.

Tuendelee na safari, maana mambo yananoga zaidi ukishafika Mbeya na kukunja kwenda Tukuyu. Kwenye misitu ya mlima Rungwe na ile ya Livingstone anaishi kipunji, kima mwenye nywele zilizosimama utosini, ambaye wanasayansi walimfahamu mwaka 2003 na kumtangaza rasmi 2005. Wanyakyusa walikuwa na jina lake muda wote huo, ndilo alilopewa. Mwaka 2006 aliwekwa kwenye jenasi yake mwenyewe, yaani kundi lake la kisayansi, Rungwecebus. Kilichowezesha uamuzi huo ni mzoga wa kipunji mchanga aliyekufa kwenye mtego. Mtego ule haukuwa wa wawindaji wa ndani ya msitu. Aliutega mkulima kwenye shamba lake la mahindi, ambako kipunji alikuja kula.

Sasa mwangalie kima huyu mmoja na wenye nyumba wake. Akiwa msitu wa Livingstone yuko Hifadhi ya Taifa Kitulo, chini ya TANAPA. Akiwa Rungwe yuko kwenye Hifadhi ya Mazingira Asilia, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu na Sheria ya Misitu ya 2002. Akiruka uzio na kuingia kwenye mahindi yupo ardhi ya kijiji, na hapo anayehusika naye ni ofisi ya wanyamapori ya wilaya pamoja na TAWA, mamlaka inayoshughulika na wanyamapori walio nje ya hifadhi za taifa. Safari yake nzima inaweza kuwa ya nusu saa. Mkulima anayeamia shamba lake tangu alfajiri kwa kupiga debe hana habari na mgawanyo huo wa ofisi, na kipunji ndiyo kabisa.

Turudi mjini, kwa mzee na sufuria lake. Sheria ya hifadhi haimgusi, sheria ya wanyamapori inamgusa kwa mbali. Kinachobaki ni sheria ndogo, na hapa ndipo watu wanapochanganya mambo mno, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Sheria ndogo haitungwi kijiweni, wala haizaliwi na kibao kilichopigiliwa mtini. Kibao cha "Usilishe nyani" kwenye bustani ya hoteli ni masharti ya mwenye hoteli; ukiyakiuka anaweza kukutoa nje, hawezi kukutoza faini ya serikali. Kwa miji, uwezo wa kutunga sheria ndogo unatokana na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) Na. 8 ya mwaka 1982. Wilaya na vijiji vina Na. 7 ya mwaka huohuo. Halmashauri inaandaa rasimu, wananchi wanatangaziwa watoe maoni na pingamizi, baraza la madiwani linajadili na kupitisha, Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa anaridhia, ndipo inachapishwa kwenye Gazeti la Serikali. Ikikosa hatua ya mwisho ni karatasi tu, hata kama imegongwa mihuri mitatu.

Kijiji nacho kina uwezo wa kutunga sheria zake ndogo, zikapata idhini ya halmashauri ya wilaya. Mtaa wa mjini hauna. Una mwenyekiti, una mkutano wa wakazi, una daftari la mahudhurio, na unaweza kukubaliana kwamba kuanzia Jumatatu hakuna kurusha chakula kwa tumbili. Makubaliano hayo yana uzito wa aibu ya kusemwa na majirani, ambao si mdogo, lakini hakimu hana namna ya kuyatumia. Kwa hiyo kijiji kilicho ubavuni mwa Rungwe, chenye kaya mia mbili na njia ya matope, kinaweza kuwa na meno ambayo mtaa wenye lami na taa za barabarani Iringa mjini au Mbeya hauna. Mtaa ukitaka meno lazima upitie kwa diwani, suala lipande hadi baraza zima, na huko linakutana na foleni ya stendi, soko, mitaro na ada za machinga. Tumbili husubiri.

Halafu kuna jambo ambalo mimi naliona ndiyo kiini cha mkanganyiko wote. Kulisha ni nini?

Asubuhi moja mwezi wa saba, baridi ya kukaza vidole, nilipita kwenye ghuba la taka la mtaani kwetu. Gari lilikuwa halijapita siku nne. Dume moja la tumbili lilikuwa limekaa katikati ya mifuko, halina haraka. Lilichukua mfuko uliofungwa fundo mara mbili. Halikuhangaika na fundo. Liliupasua tumboni kwa meno, likaingiza mkono mpaka begani, likatoa ganda la parachichi na kulikwangua ndani kwa meno ya mbele mpaka likabaki jembamba kama karatasi. Jike lenye sikio lililochanika, rafiki wa yule mzee jirani, lilikuwa pembeni linachambua vichwa vya dagaa kimoja kimoja kama mama lishe anayejiandaa kwa wateja wa mchana. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, na tumbili wetu wamehamia kwenye mifuko mbadala na viroba bila kukosa hata mlo mmoja. Wanachokijua ni kwamba kitu kilichofungwa na mtu kina chakula ndani. Ndiyo sababu siku hizi hata mwanafunzi aliyebeba daftari zake kwenye mfuko anafuatwa.

Ugali wa mzee haukufika kilo. Ghuba lile lilikuwa na mabaki ya kaya zaidi ya sitini. Kama tunatafuta anayewalisha tumbili, basi ni sisi sote, na mzee tunamwona zaidi kwa sababu anatumia mwiko.

Kwa upande huu sheria zipo, tena zina meno. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazibebesha halmashauri mzigo wa taka ngumu, Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inampa bwana afya nguvu ya kuingia uani kwako, na ni vigumu kukuta halmashauri isiyo na sheria ndogo za usafi wa mazingira, zinazomtaka mwenye nyumba ahifadhi taka vizuri, alipe ada na asitupe ovyo. Hakuna neno tumbili humo. Lakini afisa akiamua kuzitekeleza sawasawa, na gari la taka likapita siku iliyoahidiwa, atakuwa amewapunguzia tumbili chakula kuliko marufuku yoyote iliyoandikwa jina lao. Jiji la Cape Town kule Afrika Kusini, lenye nyani wanaoteremka milimani hadi kwenye nyumba za watu, lilielewa hili mapema. Kwenye mitaa yenye nyani kuna mapipa yenye komeo ambalo mkono wa nyani hauliwezi. Sisi ghuba letu wakati huo halikuwa hata na ukuta wa nne.

Miji mingine iliamua kuandika marufuku moja kwa moja, na inafaa kuona walivyotofautiana. London walianza na uwanja mmoja: mwaka 2003 walipiga marufuku kuwalisha njiwa Trafalgar Square, na mwaka 2007 wakaongeza maeneo ya jirani, maana watu walikuwa wanasogea hatua chache na punje zao. Hong Kong nao walianza mwaka 1999 na vilima vyenye kima wengi, lakini mwishoni mwa 2022 marufuku ikaenea eneo lote, na Agosti 2024 wakawaongeza njiwa na kupandisha adhabu ya juu hadi dola za huko 100,000 na kifungo cha mwaka mmoja. Singapore hawakutaka kuchora mipaka hata kidogo. Tangu Juni 2020 kumlisha kwa makusudi mnyama yeyote wa porini mahali popote kisiwani ni kosa, na faini kwa mara ya kwanza inafika dola zao 5,000. Neno la kutazama hapo ni makusudi. Pipa lililojaa halina kusudi.

Na kabla hujasema dunia nzima imekubaliana, nenda Harar, mji wa kale wa Ethiopia. Jioni watu wanawalisha fisi nyama kwa kijiti nje ya kuta za mji, na mila hiyo inaenziwa kama urithi. Mimi nisingependa mtu ailete Njombe. Harar kuna wachache wanaojua kazi hiyo, mahali pake na saa yake, na fisi nao wameizoea kwa vizazi. Huku kwetu ukianza wewe, kesho ni watoto wa shule na mfuko wa mifupa ya kuku.

Kwa nini basi ikatazwe, kama mzee anafurahi na tumbili wanashiba? Sababu ya kwanza ni hesabu. Jike aliyeshiba mwaka mzima anazaa mara nyingi kuliko yule anayesubiri msimu, na watoto wake wengi wanapona. Kundi linakua, mawe na miti haviongezeki, na chakula cha porini hakitoshi tena hata wakitaka kurudi huko. Hapo unakuwa umewaondolea njia ya kurudi.

Kisha woga unakwisha, na watu wengi hawajui kusoma sura ya mnyama aliyepoteza woga. Tumbili akikukodolea macho huku akiinua nyusi na kuonyesha ngozi nyeupe ya kope, anakutisha. Nyani akipiga miayo mirefu akionyesha meno ya pembeni, hana usingizi. Mtoto wa binadamu anayaona meno anadhani anachekewa, naye anacheka, akionyesha yake. Ndizi ikiwa mkononi mwake, mambo yanaharibika kwa sekunde mbili.

La magonjwa ndilo lenye mfano wa kuogofya zaidi, na unatoka kwa majirani. Katikati ya miaka ya 1980, huko Maasai Mara nchini Kenya, kundi la nyani lilizoea jalala la hoteli ya watalii. Nyani wa kundi jirani, ambalo mtafiti Robert Sapolsky alikuwa akilifuatilia, nao wakaanza kwenda kugombea. Waliokwenda ni madume wababe, wenye ubavu wa kupigania mabaki. Nyama iliyotupwa pale ilikuwa na kifua kikuu. Karibu nusu ya madume ya kundi hilo walikufa, wote wakiwa ni wale wababe, na kundi likabaki na madume wapole. Watafiti wakapata la kuandika kuhusu jinsi tabia ya kundi ilivyotulia baada ya hapo. Sisi tunaoishi na nyani tuchukue lile jambo la mwanzo: ugonjwa uliingia kupitia chakula tulichokitupa. Njia hiyohiyo inapitika kutoka upande wa pili. Nyani wa Ziwa Manyara wamekutwa na vimelea vya jamii ya buba, ugonjwa wa vidonda vya ngozi, na kuumwa au kukwaruzwa na mnyama yeyote wa namna hii kunahitaji hospitali siku hiyohiyo. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kwanza, usipake mafuta ya taa wala majivu, kisha nenda ukaulizie chanjo ya kichaa cha mbwa. Kwetu ugonjwa huo huletwa na mbwa kwa sehemu kubwa sana, lakini dalili zikishaanza haijalishi nani aliuleta, karibu hakuna anayepona.

Kwa ndege sitasema mengi. Shomoro wakiokota wali uani kwako hakuna atakayekushitaki, na sioni sababu ya kuanza leo. Mbwa na paka wa mitaani ni kitabu kingine. Hao ni wa daktari wa mifugo, wana Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003 na ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, na anayewapa chakula bila kuwapeleka kwenye chanjo anafanya nusu ya kazi.

Mwaka jana mzee aliugua mgongo, mwanawe akamchukua kwenda kutibiwa Dar es Salaam. Alikaa huko miezi miwili. Asubuhi ya kwanza tumbili walikuja saa kumi na mbili na nusu, wakakaa ukutani, wakatazama mlango wa jikoni. Siku ya tatu waligonga bati. Siku ya tano jike lenye sikio lililochanika lilipita dirishani kwetu, likafunua sufuria la maharage yaliyochemka usiku, likaona ni ya moto bado, likachukua mkate mzima na kutoka nao mlangoni kwa miguu miwili, mkate kifuani. Mke wangu alikuwa amesimama pale na mwiko. Wiki iliyofuata walimkwaruza binti wa nyumba ya tatu akiwa na sambusa mkononi. Kuna kijana mtaani aliyeanza kuzungumzia sumu ya panya, na ilibidi wakubwa wamkalishe chini wamweleze kwamba kwa sumu hiyo kesi itakuwa yake, haitakuwa ya tumbili.

Wanaosoma tabia za wanyama wanaieleza hali hii vizuri. Chakula kilichozoeleka kikikatika ghafla, mnyama haachi. Anaongeza juhudi kwanza. Anagonga zaidi, anathubutu zaidi, anajaribu mlango ambao hajawahi kuujaribu. Kipindi hicho ndicho kinachovunja makubaliano ya mitaa mingi, kwa sababu mtu mmoja anachoka, anarusha kipande ili apate amani ya asubuhi moja, na tumbili anakuwa amefundishwa kwamba fujo inalipa. Ukianza kukaza, kaza hadi mwisho, nyumba zote pamoja, au usianze.

Mzee aliporudi tulimwendea watu wanne, na mwenyekiti wa mtaa akiwemo. Hatukwenda na sheria, maana hatukuwa nayo. Alituandalia chai, akatusikiliza, akauliza binti wa sambusa anaendeleaje. Kisha akaenda nyuma ya nyumba akatuonyesha mahali pa kuchimba shimo la mbolea, lenye mfuniko wa bati na jiwe juu yake. Kiporo chote kinaingia humo siku hizi, na maganda. Mwenyekiti alibeba suala la ghuba kwa diwani. Ukuta wa nne umejengwa mwezi wa pili, lango bado.

Tumbili waliendelea kuja saa kumi na mbili na nusu kwa wiki saba. Nilikuwa nawahesabu nikipiga mswaki: kumi na mmoja, tisa, tisa, sita. Jike lenye sikio lililochanika ndilo la mwisho kuacha. Mzee naye bado huamka saa ileile. Anatoka na kikombe cha chai, anasimama mlangoni, na mara mojamoja nasikia anagonga kikombe kwa kijiko, mara mbili, kisha anakumbuka.